Ameinua au Umeinuka

Asubuhi ile nilifunga chumba nilichokuwa nimepanga Newala, nikampelekea mwenye nyumba ufunguo wake. Ni kijana anayeuza vipuri vya pikipiki. Alilitazama begi langu, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee. Safari ya wapi tena?"

"Marahaba. Chini."

"Chini wapi?"

"Chini tu."

Akacheka. Newala iko juu mlimani, ukiwa pale kila safari ni ya chini, kwa hiyo sikumdanganya. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka, na watu waliokuwa wakipita na madumu niliwasikia kabla sijawaona. Sikuwa na mpango wowote. Nilirudi pale baada ya kustaafu nikidhani nimerudi kwetu, nikakuta walionijua wamekufa au wamehama, na waliobaki wananiita mgeni. Siku hiyo niliamka nikakuta miguu imeshavaa viatu.

Nawaandikia ninyi vijana mlioanza kazi ya uhudumu katika chumba cha upasuaji, wale mnaosukuma vitanda, mnaonyoa vichwa, mnaofua damu kwenye mashuka. Mmoja wenu aliniuliza ile kazi ya kukaa chini ya shuka ilikuwaje, maana ameikuta mashine mahali palipokuwa na kigoda changu. Nitaeleza ninavyokumbuka, si kwa mpangilio.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilitoka wakati wa mapumziko kwenda kutazama lori lililokwama kwenye mteremko, na lilipokwamuka nikaondoka nalo. Nimebeba magunia ya korosho Masasi, nimepikia mafundi wa barabara Tunduru, nimechonga mawe ya msingi Lukuledi. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanyika, kisha hamu ikaisha. Hospitali kubwa ya Dar niliingia kama mfagiaji, nikadhani ni ya miezi michache. Lakini kule nilikutana na kitu ambacho kila nilipofikiri nimekielewa, kilinionyesha kona nyingine. Nikabaki mpaka wakanistaafisha.

Kitu chenyewe ni ubongo. Mtu akiwa na uvimbe karibu na sehemu inayoendesha mkono au mguu, daktari hawezi kuutoa kwa kukisia. Kwa macho, ubongo wote unafanana. Kwa hiyo mgonjwa analazwa usingizi, fuvu linafunguliwa, halafu anaamshwa. Naam, anaamshwa kichwa kikiwa wazi. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Ngozi na mfupa ndivyo vinavyouma, na hivyo vimepigwa ganzi. Daktari anagusa juu ya ubongo na kifimbo chenye umeme mdogo sana. Akigusa penye vidole, vidole vinacheza. Anaweka pale kipande kidogo cha karatasi kama alama, anasogea. Mwisho anakuwa na ramani ya pale pasipoguswa na kisu.

Sasa, daktari yuko upande wa juu wa shuka na macho yake yako kwenye ubongo. Mkono wa mgonjwa uko upande wa chini. Anahitajika mtu wa kukaa chini, kuutazama mkono na kusema. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nazungumza Chimakonde, Chiyao kiasi na Kimakua, yaani Emakhuwa, cha kuombea maji, na kwa kuwa, kama alivyosema Sista Rehema, "huyu hata ukimnyamazisha anaongea."

Sista Rehema alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi. Yeye ndiye mwalimu wangu. Siku ya kwanza kukaa kwenye kigoda, Dokta Mbaraka, mpasuaji wetu, aligusa, nami nikapiga kelele: "Mkono!"

"Mkono wapi?" akauliza kutoka juu.

"Wa kulia!"

"Najua ni wa kulia. Mkono wapi?"

"Huu hapa, Dokta!"

Nikasikia mtu anacheka ndani ya barakoa. Ndipo Sista Rehema akainama hadi sikioni kwangu. "Kiswahili chetu mkono unaanzia begani unaishia kwenye kucha. Hapo juu, bega liko mtaa mmoja na kidole kiko mtaa mwingine. Sema bega. Sema kiwiko, kifundo, kiganja. Kidole, sema kipi." Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Mkono, na jina likanikaa.

Alinieleza ramani hiyo kwa namna niliyoielewa. Mwili umelala huko kichwa chini miguu juu. Mguu uko utosini, mkono unafuata, uso uko chini karibu na sikio. Na mashamba hayakugawiwa kwa haki: mgongo mzima umepewa kijaruba cha mchicha, lakini vidole vina shamba linalopita lote, na kidole gumba ndicho tajiri, kinapakana na uso.

Jambo la pili alilonifunza ni gumu zaidi. Mgonjwa yuko macho, kwa hiyo mkono unaweza kusogea kwa sababu mbili. Daktari amegusa, au mwenyewe ametaka. Kwa macho ni vilevile. Ukikosea, daktari ataacha mahali asipopaswa kuacha, au atakata asipopaswa kukata.

"Kwa hiyo utasema moja kati ya mawili," aliniambia. "Ameinua, au umeinuka. Ameinua ni yeye. Umeinuka, yaani mkono wenyewe, ni sisi. Usipojua, muulize mwenyewe."

Mkifika kwenye kazi hiyo, hata kama mashine ipo, msiwaulize watu wetu "Unaendeleaje?" Nilipoteza muda mwingi kwa swali hilo. Mzee mmoja wa Kitangari nilimuuliza, akajibu "Nzuri tu, mwanangu, sijui ninyi," na huku vidole vyake vimeshalegea kama kamba iliyolowa. Watu wetu wamefundishwa kwamba hali ni nzuri hata nyumba ikiwaka moto. Usiulize hali. Mwambie: nishike kidole, nibane, niachie. Na usiseme shikamoo wala usiamkiwe wakati daktari anagusa. Mama mmoja mwenye adabu zake alisikia sauti ya mtu mzima mlangoni, akanyanyua mkono kwa heshima, nami nikatangaza "Umeinuka!" Dokta hakuwa hata amegusa.

Na maji ya baridi yawe karibu. Umeme ukizidi, ubongo huweza kushikwa na kifafa papo hapo, na dawa ya haraka ni kuumwagia maji baridi yaliyoandaliwa. Mara ya kwanza kuona yakimwagwa nilishika kichwa. Nimezaliwa mahali ambapo mama yangu aliteremka bondeni alfajiri akarudi na ndoo moja, tukanawa uso kwa kikombe. Sikuamini kwamba maji yanaweza kumwagwa juu ya mtu namna ile, tena yakawa ndiyo yanayomwokoa.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari ya Mama Skola.

Aliletwa kutoka Lupaso, Masasi. Kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya mikorosho: anakata mche mchanga, anaupasua, anachomeka kikonyo cha mkorosho bora, anafunga kwa nailoni. Ukikata vibaya kidogo, kikonyo kinakauka. Wakulima walitoka mbali kufuata miche yake. Alikuja kwa sababu kisu kilianza kumdondoka mkononi, kisha akaanguka kifafa shambani.

Bintiye, Skola, ndiye aliyemsindikiza. Nilipomaliza kumnyoa mama yake, nikiwa na barakoa na kofia nisivyovivua hata wodini, akanivuta pembeni.

"Baba, samahani. Mkono mbovu ni wa kulia. Mbona umenyoa kushoto?"

"Ndiko daktari atakakofungua."

"Basi amekosea!"

"Hajakosea. Kushoto kwa kichwa ndiko kunakotawala kulia kwa mwili."

Skola alinitazama kama mtu anayeuziwa kuku mgonjwa. "Nani kasema?"

Mama yake akamjibu kutoka kitandani. "Skola, na wewe! Kijiji kimoja kina shamba ng'ambo ya mto, kuna ajabu gani? Mwache mwenzio na kazi yake."

Jioni hiyo Dokta alimweleza wazi, nami nilikuwepo nikirahisisha maneno ya kidaktari palipohitajika. Uvimbe ni wa aina inayokua polepole. Ukitolewa wote, utachelewa zaidi kurudi. Lakini ukingo wake mmoja umeegemea sehemu ya mkono, na hajui umeegemea kiasi gani mpaka afungue. Huenda akalazimika kuchagua: kubakiza kipande, au kuhatarisha vidole.

"Ukikata vyote nikapona bila mkono, nitabebeshaje?" aliuliza.

"Hutabebesha, mama. Lakini utaishi, na pengine muda mrefu zaidi."

Akavitazama vidole vyake. "Na utajuaje umefika kwenye mkono?"

Dokta akanionyesha mimi. "Huyu ataniambia. Akisema kidole kimejikunja chenyewe, naacha. Akisema umekunja wewe, naendelea." Akamwachia alale na maneno hayo.

Kesho yake, alipoamshwa chini ya shuka la kijani, kitu cha kwanza alichosema ni "Matata aka."

Niliruka kwenye kigoda. "Dokta, simama! Anasema matata!"

Dokta akaondoa mikono. Sista Rehema akakimbilia mitambo yake, mtu akashika maji ya baridi. Mama Skola akafumbua macho vizuri, akanitazama, na kicheko kikamtoka puani.

"Mikono! Kwetu Wamakua matata ni mikono. Nasema mikono yangu inaganda kwa baridi. Wewe si ulisema unajua Emakhuwa?"

"Cha kuombea maji tu, mama."

"Inaonekana!"

Akafunikwa blanketi, mkono wa kulia tukauacha wazi. Dokta akaanza kugusa. "Kidole cha kati, kimejikunja." Alama. "Kifundo." Alama. Kati ya mguso na mguso ilikuwa kazi yangu kumweka macho, nikamwomba anionyeshe anavyobebesha. Akabebesha hewani, polepole, kisu ambacho hakikuwepo na mche ambao haukuwepo. Nilijifunza palepale kwamba nguvu haimo kwenye kisu. Imo kwenye gumba linalokizuia.

"Wewe ni baba nani?" aliniuliza.

"Sina mtoto, mama."

"Hata mmoja?"

"Sikukaa mahali pamoja muda wa kutosha."

Akafikiri. Mtu mzima wa kwetu asiye na jina la mtoto anaitwaje? "Basi wewe ni Baba Mkono," akasema. "Mwanao huyo hapo umemshika."

Nilikuwa nimemshika kweli, kiganja chake juu ya changu. Chini ya shuka lile hapaingii mtu mwingine. Unamwona mtu kwa karibu kuliko ndugu zake wanavyomwona, anakwambia mambo, halafu anarudi kwao na hukutani naye tena. Wengi hawakuijua hata sura yangu, maana nilikuwa na barakoa na kofia. Nilirudi chumbani kwangu Mbagala nikiwa na sauti zao tu.

Saa zikaenda. Uvimbe ukawa unatoka, na mkono unatii. Kisha Dokta akafika kwenye ule ukingo. Mama Skola alikuwa bado anabebesha hewani, amechoka, vidole vinakwenda vyenyewe kwa mazoea. Kidole gumba kikajikunja.

"Gumba," nikasema.

"Ameinua au umeinuka?" akauliza Dokta. Tulitumia maneno hayo hata kwa vidole.

Sikujua. Gumba lilikuwa mahali ambapo lingekuwa kama angekuwa anazuia kisu. Nikamwomba atulize mkono. Dokta akagusa tena, likacheza kidogo. Akagusa mara nyingine, halikucheza. Akagusa tena, likacheza, lakini nikaona na kiganja nacho kimetikisika kama mtu aliyetaka kukisogeza.

"Nahitaji jibu," alisema Dokta, kwa upole. Aliyekuwa na haki ya kujibu alikuwa mmoja tu.

"Mama Skola, gumba hili, ni wewe?"

Alinitazama. Hakujibu upesi. "Siyo mimi," akasema.

"Una hakika?"

"Siyo mimi, Baba Mkono."

"Limejikunja," nikasema juu.

"Tunaishia hapa," akasema Dokta, na kipande kikabaki.

Baada ya wiki chache walirudi Lupaso. Vidole vilikuwa dhaifu kidogo lakini vinashika. Skola aliniaga kwa mikono miwili. Mimi nikabaki na yale macho yaliyochelewa kujibu. Alikuwa ameambiwa siku moja kabla: kikijikunja chenyewe, naacha. Alijua neno gani linamlindia mkono. Je, alisema kweli, au alijichagulia? Kama alijichagulia, ni mimi niliyelitangaza neno lake kama langu, na kile kipande kilichobaki kichwani mwake kilikuwa kinakua kwa sababu yetu wawili. Nilimuuliza Dokta wakati fulani. Akasema ushahidi wa mguso ulikuwa unatosha kwake kuacha, na kwamba yeye ndiye aliyeamua, si mimi. Ni mtu mkweli. Lakini hakuyaona yale macho.

Miaka ikapita, mashine ikaja. Sasa wanachomeka sindano nyembamba kwenye misuli, na kila mguso unachora wimbi kwenye kioo. Msiidharau. Inaona mtikisiko ambao jicho langu halingeuona hata kwa miwani, na inafanya kazi hata mgonjwa akiwa amelala. Nilifurahi ilipokuja, kwa kuwa ilijua kitu nilichokuwa nakisia. Nikakipeleka kigoda changu stoo mwenyewe. Nilichokosa ni yale mazungumzo tu, na hayo si sababu ya kuikataa mashine.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipoteremka kutoka Newala, mtu akiniuliza kama nilikuwa nakwenda Lupaso, ningesema hapana. Nilipanda basi la Masasi kwa kuwa ndilo lililokuwa linaondoka. Katikati ya safari nikamwambia kondakta nishushe. Bodaboda akaniuliza wapi, mdomo ukasema Lupaso. Sijui kama niliinua mguu au mguu uliinuka.

Sikuwa na hakika kama yu hai. Nilimuuliza kijana wa bodaboda, kwa kuzunguka, kama huko kuna mtu anayeuza miche ya korosho.

"Ile ya kubebesha? Ipo kwa Mama Skola. Ila jiandae, bibi yule anakagua mteja kwanza."

Nikamwambia apunguze mwendo.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kivuli cha makuti, mistari ya miche mbele yake, kisu mkononi. Amezeeka. Nilisimama mbali kidogo, na kwa mazoea sikumtazama uso, nilitazama mkono. Kidole gumba kilizuia kisu. Lakini nailoni hakuweza kuikaza kwa vidole. Aliikaza kwa meno, haraka, kama mtu aliyezoea zamani.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Miche ya mwaka huu imeagizwa yote."

"Sikuja kwa miche, Mama Skola. Niko hapa chini, kulia kwako."

Ndivyo nilivyokuwa nawaanza wote, wanapoamshwa, wajue sauti inatoka wapi. Kisu kikasimama. Akanitazama usoni, akaona mzee asiyemjua. Akafumba macho.

"Sema tena."

"Niko hapa chini, kulia kwako."

"Baba Mkono!" Akaanza kucheka, na machozi yakachanganyika humo humo. "Kumbe ndiyo sura yenyewe hii? Nilidhani mzuri!"

Tulikaa. Akaniletea mihogo ya kuchemsha, akaniuliza kama Emakhuwa changu kimekua, nikamwambia bado ni cha kuombea maji. Kila baada ya muda anapelekwa kupigwa picha ya kichwa, akasema. Kipande kipo. Hapo katikati kilisogea kidogo, wakampa dawa, kikatulia. Dawa za kifafa anameza kila siku. Skola ameolewa Nachingwea. Nilimsikiliza huku macho yangu yakirudi kwenye gumba lake, mpaka yeye mwenyewe akaona.

"Umetoka mbali kuuliza kitu. Uliza."

"Siku ile. Gumba. Ulichelewa kujibu. Ilikuwa wewe?"

Alichukua kikonyo, akakichonga pande mbili, akakichomeka kwenye mche uliopasuliwa. Akafunga kwa meno. Ndipo akajibu.

"Haikuwa mimi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakisikiliza. Ni kitu cha ajabu, Baba Mkono, kidole chako kukuacha." Akauweka mche pembeni na wenzake. "Lakini ingekuwa mimi, ningekwambia vilevile."

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile, na sina la kuongeza, isipokuwa hili kwenu: muulizeni mwenyewe mgonjwa, na akishajibu, jibu ni lake. Msiende nalo nyumbani kwa miaka mingi kama nilivyofanya mimi.

Jua liliposhuka nikasimama nikachukua begi. Akaniuliza nitalala wapi. Nikasema nitatafuta.

"Utatafuta wapi, Lupaso kuna gesti? Chumba cha Skola kiko wazi. Kitanda kipo, chandarua kipo." Akapekua kwenye fundo la kanga, akatoa ufunguo. "Siku ngapi?"

"Sijui."

"Haya. Miche haihitaji kujua siku zako."

Akaninyooshea ufunguo kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama wanavyompa mtu wanayemheshimu. Mkono ulipanda polepole, ukafika.

"Ameinua," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema ahsante."

Nikaupokea kwa mikono miwili.